Kibao cha Pipa la Kuku

Kila asubuhi, kabla ya basi la shule kufika, Tessa aliwawekea kuku maji, kisha akakimbilia bandani kumnywesha maziwa ndama wake Klara, aliyemlea kwa chupa kwa ajili ya maonyesho ya mifugo ya Kerrow. Pipa la maji ya kuku lilifunikwa kwa kibao cha bati chenye anwani mpya ya nyumba. Babu yake, Mzee Alistair, ndiye aliyeking'oa getini.

Babu alikuwa na uchungu wake. Barabara iliyopita mbele yao ilikuwa zamani barabara kuu ya jimbo, iliyoitwa Mia na Tisini, iliyounganisha Kerrow, Dunlea na vijiji vya katikati. Malori ya maziwa yalipishana, na watalii wa ziwani walisimama kula pai. Babu mwenyewe aliondoa theluji humo tangu ujana wake. Kisha jimbo likaitupia kaunti mzigo wa kuitunza, vibao vya barabara kuu vyenye alama ya taji vikaondolewa, na mikahawa ikafungwa mmoja mmoja. Inauma kweli. Jina jipya Babu hakulitamka hata siku moja. Mwalimu alipowataka wanafunzi wakariri anwani zao, Tessa naye alishupaa kuwa kwao ni Mia na Tisini, Babu kasema.

Jumamosi moja, majani ya ng'ombe yaliyohifadhiwa yangali na unyevu yalipata joto yenyewe, yakashika moto bandani. Babu alikimbia kuwafungulia ndama, Tessa akawapigia simu zimamoto.

"Tuko Mia na Tisini, karibu na Kerrow."

"Mwanangu, barabara hiyo mimi sina hapa," alijibu mama wa zimamoto. "Hamna namba ya nyumba?"

Tessa hakuijua. Alibabaika, akarudia lilelile, mpaka alipokumbuka pipa. Alikimbia na simu, akamsomea kibao huku akikohoa.

Gari lilifika, nyumba ikapona. Ndama wengine wawili Babu alikuwa ameshawatoa. Klara, aliyefungwa ndani kabisa, hakutoka.

Jioni Babu alikipigilia kibao getini. Tessa alimshikia misumari huku akilia, akisema kosa ni lake, angemsikiliza mwalimu.

"Kosa ni langu," Babu alisema. "Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mimi yamenijia, na mjukuu wangu ndiye anayelia. Mia na Tisini nitakusimulia mezani hadi uchoke. Lakini anayekuja kutuokoa, mpe jina la leo. Haya, nisomee."

Tessa alisoma. Babu akarudia polepole, "Barabara ya Kaunti Kumi na Mbili."