Leso Sitini

Mama Pindo alikuwa fundi wa kushona. Jina hilo alipewa na wateja, maana pindo lake halifumuki hata ulivute na punda. Duka lake lilikuwa chumba kimoja, cherehani mbili na meza ya kukatia. Mdomo wake ndio haukuwa na pindo. Ulikuwa wazi kutwa nzima.

Mwezi uliopita alimwajiri Mama Pacha, aliyekimbia vita kwao na watoto wake wawili. Mama huyu alijua kazi.

Asubuhi moja Mama Pindo alirudi kutoka kununua uzi. Akakuta mezani vitambaa vinne vikubwa vyeupe, vimepindwa pande zote.

"Makubwa haya! Nini hiki?"

"Leso, dada. Kitambaa kimeishia kwenye ya nne. Nikadhani utaleta kingine."

"Nilikwambia leso sitini, za wanafunzi kufutia pua! Na hii atafutia pua nani, tembo?"

Mama Pacha akababaika. "Kwetu leso ni nguo ya kujifunga, dada. Ndiyo niliyowabebea wanangu siku tuliyokimbia."

"Kwenu ni kwenu, hapa ni hapa! Nyie wageni mnatuharibia lugha, sasa mnaharibu na kazi. Kusanya vitu vyako!"

Mama Pacha akaanza kukunja vitu vyake. Hakuwa na kazi nyingine, wala ndugu wa kumkimbilia.

"Hodi!" Mwalimu wa historia aliingia. Leso zilikuwa za shule yake. Aliposikia kisa, alicheka. "Wote wawili mmesema sawa."

"Sawa vipi, Mwalimu?"

"Leso ni neno la Wareno. Walikuja zamani kwa merikebu na mizinga. Kwao lilikuwa jina la kitambaa kidogo. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo, wakaviunga sita sita, wakapata nguo ya kujifunga. Kwingine neno likabaki na kile kidogo."

Mama Pindo akavuta kiti. "Basi Wareno walitupa leso tu?"

"Na jina la hii meza. Mkasi ni wa Waarabu. Pamba imetoka Uajemi. Shati ni la Waingereza. Shule tumeipata kwa Wajerumani, waliotawala kwa kiboko."

"Na sindano?" Mama Pindo aliuliza kwa hofu.

"Sindano ni yetu."

"Afadhali!"

Lakini mwili ulimsisimka. Aliitazama meza yake utadhani anaiona leo. Bahari ngapi zilivukwa? Watu wangapi walipigana, wakahama, wakazikwa ugenini, mpaka yeye akapata la kusema dukani kwake? Mungu mkubwa! Miaka ishirini alikuwa akikatia nguo juu ya historia, na hakujua.

"Kwa hiyo tuwashukuru waliotupiga?" akauliza.

"Hata kidogo. Walipora, waliua, wapo waliouza watu. Ila bibi na babu zetu hawakukaa kama magogo. Walichukua neno, wakalifanya lao. Lugha yetu imejengwa hivyo, na watu wetu pia. Ukifukuza kila kilichokuja, Mama Pindo, utabaki nusu bubu."

Mama Pindo bubu! Hilo lilimtisha kuliko yote. Akamshika Mama Pacha mkono.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nimekosa mimi, sikuuliza. Rudisha vitu vyako mahali pake."

Wakakata na kupinda pamoja. Kila leso kubwa ilitoa ndogo kumi na tano. Jioni zilitimia sitini. Tangu siku hiyo hawakukata kitu kabla ya kuonyeshana ukubwa kwa mikono, na hawakuharibu tena kitambaa.

Wiki iliyofuata mzee mmoja alikuja kupunguziwa mikono ya shati. Akamsikia Mama Pacha akiongea kwa lafudhi ya kwao.

"Hawa wageni," akanung'unika, "watatuharibia lugha."

"Taratibu, mzee wangu," Mama Pindo akasema. "Vua kwanza hilo shati, na neno lake uliache hapo mlangoni."

Mzee akajitazama kifuani. "Kwani hili nalo ni la nani?"

Mama Pindo akamsogezea kiti.