Mirto na Kivuli cha Nguzo

Zamani sana, katika mji mdogo wa Wagiriki, aliishi msichana aitwaye Mirto. Alikuwa na miaka sita, na maswali mengi kichwani.

Sokoni kulikuwa na nguzo ya mawe. Juu kabisa, mbayuwayu alikuwa amejenga kiota chake.

Asubuhi moja, pu! Kitu kidogo kikaanguka kwenye rundo la majani makavu.

Lilikuwa kinda la mbayuwayu. "Chwii! Chwii!" lililia.

Mirto alilibeba taratibu kwa viganja viwili. "Usilie, mdogo wangu. Nitakurudisha kwa mama yako."

Akakimbia mpaka kwa Mjomba Evandro, fundi seremala. "Mjomba! Tunahitaji ngazi!"

Mjomba akaleta ngazi. Akapanda. Akanyoosha mkono. Wapi! Ngazi ilikuwa fupi.

Akaunganisha ngazi tatu. Lo! Sasa ilikuwa ndefu mno. Ikayumba huku. Ikayumba kule. Kachaa! Ikavunjika.

"Pole, Mjomba!"

"Sijaumia, mwanangu. Lakini nimebakiwa na mbao za ngazi moja tu. Nikikosea tena, basi."

"Pima nguzo kwanza."

"Nitaipimaje, na siwezi kufika juu?"

Mirto akainua kichwa. Akaita:

*"Nguzo ndefu, ndefu, ndefu!*
*Una urefu gani wewe?"*

Nguzo ikasimama tu.

"Chwii," lililia kinda, kwa sauti ndogo. Lilikuwa na njaa.

Mirto akataka kulia pia. Akainama. Hapo akaona kivuli chake.

Jua lilipochomoza, kilikuwa kirefu kama jitu. Sasa kilikuwa kimepungua. Na bado kilikuwa kinapungua!

Mirto akaruka. Kisha akaliweka kinda ndani ya kofia ya Mjomba, akalala chali mchangani, kichwa kikielekea upande wa kivuli chake.

"Unalala saa hizi?" Mjomba akashangaa.

"Silali! Weka jiwe penye kichwa changu. Weka jingine penye visigino."

Mjomba akaweka. Mirto akasimama penye jiwe la visigino. Kivuli chake kilipita jiwe la kichwa.

Wakangoja. Jua likapanda. Kivuli kikarudi, polepole, polepole.

*"Nguzo ndefu, ndefu, ndefu!*
*Una urefu gani wewe?"*

Kivuli kikagusa jiwe!

"Sasa!" Mirto akapiga kelele. "Kivuli changu ni sawa na mimi! Basi kivuli cha nguzo ni sawa na nguzo! Kimbia, Mjomba!"

Mjomba akakimbia na kamba. Akapima kivuli cha nguzo, kutoka chini mpaka nchani.

"Tuongeze kidogo," akasema, "maana ngazi huegemea."

Kwaru, kwaru, msumeno ukakata. Ko, ko, ko, nyundo ikagonga.

Mjomba akapanda, kinda likiwa ndani ya kofia yake. Soko zima likatazama juu. Hata muuza samaki aliacha samaki wake.

"Imefika!" Mjomba akaita kutoka juu.

Mama mbayuwayu akaja mbio na mdudu mdomoni. Gubu! Kinda likameza.

Watu wakapiga makofi. Muuza samaki akambeba Mirto mabegani, naye Mirto akanuka samaki mpaka jioni.

Usiku ulipoingia, mama yake alimwosha Mirto, akamlaza.

"Leo umepima nguzo," mama akasema. "Na mlima ule mkubwa nje ya mji, je?"

"Ninaweza, Mama." Mirto akapiga mwayo. "Lakini si leo. Leo nimechoka."

Mama akamfunika shuka, akambusu. Mirto alikuwa ameshalala.