Mpangaji wa Chini ya Mplamu

Mwaka wa tano tangu upandwe, mplamu wa nyuma ya nyumba ulichanua ukawa mweupe pe. Asubuhi iliyofuata haukuwa na ua hata moja, na chini pia hapakuwa na kitu.

Fundi cherehani, mwenye mti huo, alisimama na kopo lake la maji. Miaka yote hiyo ameupogoa, ameutia samadi kila Jumamosi, ameuosha majani kwa maji ya sabuni kuua wadudu. Tunda hajaonja.

"Ndege hao," mumewe alisema bila kuinua macho kwenye chai.

"Ndege gani anafagia?"

Vitumba vya mwisho vya maua vilipofunguka, alishona wavu, akaufunika mti mzima, akafunga kamba chini. Kesho yake fundo halijaguswa, matawi matupu. Palinuka nywele zilizoungua.

Maua aliyakuta mchana, alipokwenda kumbadilishia shuka mama mkwe, ambaye kiharusi kilimlaza kimya mwaka mzima. Yalikuwa chini ya mto, mabichi, yamepangwa mstari kama vifungo vya shati.

"Mama, nani kakuletea?" alinong'ona.

Bibi yule akageuza shingo, shingo ambayo daktari alisema haitageuka tena, akafumbua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume, nzito, kama inatoka kisimani, ikisema taratibu kwa uchovu wa mtu aliyevumilia mno kwamba kila Jumamosi anamwagiwa mavi ya ng'ombe kichwani, kwamba mizizi inamchoma mbavuni, na kwamba mti usipoondoka yeye atakaa humu ndani, mahali pakavu.

Mganga aliletwa jioni ile ile. Alizunguka bustani, akagonga ardhi kwa kisigino.

"Umepanda juu ya kwake," alisema kwa sauti ya chini. "Hamisha mti."

"Miaka mitano, mganga. Kwa nini asihame yeye?"

"Kamuulize."

Hakwenda kumuuliza. Yeye na mumewe walichimba siku mbili. Udongo ulikuwa wa moto, na mizizi ilikuwa imejisuka kama kapu tupu, kapu la ukubwa wa mtu aliyechuchumaa. Wakaupanda upya karibu na geti. Mganga alimsomea mama mkwe mpaka akatapika petali nyeusi, kisha akaomba uji kwa sauti yake mwenyewe.

"Katoka," mganga alisema.

Misimu miwili baadaye mti ulizaa plamu kumi na moja. Fundi alikula ya kwanza amesimama getini, maji yakimchuruzika hadi kiwikoni, na hasira za miaka zikamtoka kwa machozi. Nzuri kuliko zote aliikata vipande, akampelekea mama mkwe, ambaye sasa aliweza kukaa mwenyewe kitandani.

Bibi aliisukuma sahani kwa upole. "Kula tu, mwanangu. Sisi hatuli matunda."

"Nyinyi na nani, mama?"

Mama mkwe alisogea kidogo ukutani, kama anayempisha mtu akae.