Kilichojifunza Kuwa Tate

Siku ya nne ya matanga, Consolate alisikia mtu akikohoa chumbani kwa marehemu. Alifungua mlango. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vilevile walivyokiacha, dirisha limefungwa, lakini hewani mlikuwa na harufu ya grisi na moshi wa kuni. Alikumbuka kwamba usiku uliopita, uani, mjomba wake Rémy aliwasimulia waombolezaji jinsi nguo za mzee zilivyokuwa zikinuka grisi.

Marehemu aliitwa Placide Nizigiyimana. Nyumbani kwake, mtaa wa Kimanga kando ya ziwa, wote walimwita Tate, yaani babu. Ujanani alikuwa mashinisti, dereva wa gari-moshi dogo lililotoka bandari ya Kalundu, likakata bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola. Reli ilipong'olewa, alikwenda Albertville akaendesha huko hadi alipostaafu. Consolate alifiwa na baba angali ananyonya. Tate ndiye aliyemlea, akamfundisha kusoma kwa kitabu cha zamani cha ratiba za treni, kidole chake kinene kikipita chini ya kila jina la stesheni. Alikufa kwa uzee, mwezi wa kumi mwaka wa tisini na sita, wakamzika Nyakabere. Wakati huo vita vilikuwa vikishuka kutoka milimani, na waombolezaji waliogopa kurudi makwao. Wakabaki uani, wakawa wanaongea.

Rémy ndiye aliyeongea zaidi. Alisimulia siku ng'ombe alipozaa katikati ya reli, Tate akasimamisha treni, akashuka kumvuta ndama kwa mikono yake huku mzungu wa stesheni akitukana. Rémy alisema ng'ombe yule alikuwa mweusi. Consolate alijua ni mwekundu. Tate mwenyewe alikuwa amemwambia, tena si mara moja. Lakini binti hamsahihishi mjomba wake mbele za watu, akanyamaza.

Kesho yake mchana, sauti ilisimulia habari za ng'ombe kutoka ndani ya kile chumba. Mama yake, Louise, alipiga magoti akaegemeza sikio mlangoni, akilia kwa furaha. "Baba amerudi," alinong'ona.

Tangu hapo kila kilichosemwa uani jioni kilikuwa chumbani asubuhi. Waliposema juu ya kicheko chake, kicheko kilikuja. Waliposema jinsi alivyowaita kuku, kuku wa nyumba walikwenda kujibana ukutani, wasitoe sauti.

Mabomu yalipoanza kusikika upande wa Luvungi, waombolezaji waliondoka mmojammoja. Rémy alimsihi dada yake waende wote kusini. Louise alikataa, alisema baba yao amemkataza. Rémy alimvuta mkono, akashindwa, akaenda zake akilia. Na kweli Consolate aliisikia sauti ile ikisema taratibu, "Hapana kwenda, Louise. Keti na miye."

Asubuhi iliyofuata mtaa mzima ulikuwa umefungwa makufuli. Consolate alikimbia kwa Candide, mama wa makamo aliyejulikana kwa kutibu watu walioingiliwa na majini. Alimkuta akifunga godoro kwa kamba, na Candide alimsikiliza bila kuacha kufunga.

"Hiyo kitu inajua nini?" aliuliza.

"Inajua yote ya Tate."

"Hapana. Inajua yale mulisema." Alikaza fundo kwa meno. "Haikumujua hata siku moja. Iko inakula maneno yenu. Muiulize kitu hakuna muntu alisema, kisha mutoke, na mufunge midomo. Mukimutaja tena, mumeiita."

Consolate alirudi mbio, na alipoingia ndani harufu ya grisi ilimkaba koo, maana sasa ilikuwa imejaa nyumba nzima, imeshika mapazia na sufuria na nywele za mama yake, ambaye alikuwa ameketi sakafuni, mgongo mlangoni, akikisimulia kile kilicho ndani habari za utoto wake moja baada ya nyingine, na kila alipomaliza moja kilivuta pumzi ndefu kama mtu aliyeshiba, huku madirisha yakitetemeka kwa mizinga ambayo haikuwa mbali tena.

"Tate," Consolate aliita, "ule ng'ombe wa reli alikuwa rangi gani?"

"Mweusi, mwanangu."

Alimwambia mama yake kwamba ng'ombe alikuwa mwekundu, na kwamba kile kitu kilirudia tu maneno ya Rémy. Louise alitikisa kichwa, akasema mzee hukosea. Consolate alimshika magoti, akamwomba aulize jambo lake mwenyewe, lile asilopata kumwambia yeyote. Mwishowe Louise aliugeukia mlango.

"Baba, siku mama alikufa ulinipandisha kwenye treni. Uliniambia nini ndani yake?"

Sauti ikaja, lakini sasa ilitoka chini, kwenye upenyo wa mlango, karibu kabisa na mdomo wa Louise.

"Nilikuambia nini? Niambie, Louise. Niambie nijue."

Midomo ya Louise ilifunguka, midomo ya mtoto aliyezoea kumjibu baba yake. Consolate aliiziba kwa kiganja, akamburuta hadi nje, bila mzigo, bila viatu. Nyuma yao kile kitu kilijaribu kila kitu walichokilisha, kikohozi, kicheko, mwito wa kuku, kisha kikalia kilio cha mzee anayeachwa, kikiuliza, "Munaniacha na nani?" na Consolate, ingawa alijua si yeye, aliona kila hatua ni kama kumzika mara ya pili, safari hii akiwa hai.

Njiani kuelekea Mboko watu walitajiana wafu wao ili mioyo ipoe. Mwanamke aliyewapa maji alimwuliza Louise amefiwa na nani. Louise alitikisa kichwa, akanywa.

Walivuka ziwa hadi kambini upande wa Kigoma. Mwaka wa tatu Louise aliugua akafa, na hakulisema lile neno la ndani ya treni. Consolate alikaa kando yake mpaka mwisho, akilitamani, asithubutu kuliuliza.

Baadaye Consolate aliolewa, akamzaa Belyse. Belyse alipokuwa na miaka mitano, alirudi siku moja kutoka bombani na ndoo yake ndogo kichwani.

"Mama, Tate yetu alikuwa muntu gani?"

Consolate alitazama njia ya bombani. "Nani amekuuliza?"

"Kuko muzee pale. Anasema nimwambie tu kidogo."

"Na weye umemwambia nini?"

"Nimesema sijue. Hujanifundishaka."

Consolate alimtua ndoo, akamkumbatia kwa nguvu, akamshukuru Mungu kwamba mtoto wake hamjui Tate. Kisha akalia, kwa kuwa amelishukuria jambo kama hilo.