Uso Alioutunga Adila

Jumamosi ile Adila aliamka kama kawaida, akafagia uwanja, akaosha vyombo vya jana, kisha akachukua ndoo aende kisimani. Bibi yake, Bi Mwanamvua, alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, na bibi huyo hamwachi mtu apite hivi hivi bila kumtega.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Kitendawili!"

"Tega."

"Hana mdomo, lakini ameita kijiji kizima."

Adila akajikuna kichwa. "Mdudu gani huyo, Bibi?"

"Si mdudu. Umeshindwa, nipe mji."

"Mji sitoi! Nitakujibu jioni."

Nje kulikuwa na manyunyu. Kisima cha mtaa wao, pale Kerege, kilikuwa nyuma ya mikorosho. Alipokaribia, Adila alimwona mtu amevaa koti la mvua, kofia ya koti imemfunika kichwa chote. Mtu huyo alikuwa amempa mgongo, begani kabeba gunia lenye kitu kizito, na mara akapotelea mikoroshoni. Adila alipofika kisimani alikuta kibanda kiko wazi, nyaya zinaning'inia, pampu haipo.

"Pampu imeibwa!" akapiga kelele.

Watu wakakusanyika, wengine na ndoo tupu mikononi. Kabla ya pampu ile walikuwa wakinywa maji ya bwawa, na maradhi ya kuhara yaliwazika watoto wengi. Mama mmoja alikaa chini palepale akalia.

"Ulimwona mwizi?" aliuliza Abdulazizi, kijana wa bodaboda mwenye sauti kubwa.

"Nilimwona mgongo."

"Basi si wewe ndiye fundi wa kuchora? Tuchoree!"

Kweli, Adila alikuwa fundi. Mjomba wake alimletea kifaa cha kiganjani cha zamani, kilichoachwa na mgeni kwenye hoteli anakofanya kazi. Wenyewe walikitengeneza ili watu waandikie miadi yao, lakini kilikuwa na kioo na kijikalamu cha plastiki, na Adila hakuandikia miadi yoyote. Alichorea. Kuku, mitumbwi, mama ntilie, na zaidi ya wote Mikdad, mfua nazi wa kando ya barabara, kwa sababu Mikdad habanduki pale kwenye kifuo chake, akizivua nazi makumbi kutwa nzima.

"Leo umenipa pua ya nani?" Mikdad humtania kila akimwonyesha. "Hii si yangu, mrudishie mwenyewe!"

Kioo cha kifaa kilikuwa kidogo, mtu mzima anatoka kama kidole. Ili mchoro uonekane vizuri, Adila huenda kwenye duka la steshenari la Dada Gertruda, lile lenye spika inayotangaza picha za pasipoti tangu asubuhi. Dada Gertruda huchomeka waya, mchoro ukahamia kwenye kompyuta ya mezani, akaukuza. Ukihamisha mchoro uliorekebishwa, kompyuta huuliza: ufutwe wa zamani, au ihifadhiwe yote miwili? Dada Gertruda huhifadhi yote miwili. Hapendi kufuta kitu.

Adila alichora alichokiona, na asubuhi hiyo duka lilijaa watu waliomfuata. Mchoro ukatokea kwenye kioo kikubwa: koti, gunia, mgongo.

"Mbona hana uso?" mtu akauliza.

"Mchoro gani huu?" Abdulazizi akacheka. "Mgongo hata mtoto wa chekechea anachora! Fundi wetu kumbe fundi wa migongo."

Watu wakacheka. Masikio ya Adila yakamchoma. Angeweza kusema neno moja tu, "sikuuona," na habari ikaishia hapo. Hakulisema.

"Nimekumbuka," akasema. "Aligeuka kidogo."

Akashika kijikalamu. Lakini uso atautoa wapi, na hakuuona? Mkono wa mchoraji ukikosa cha kushika hufuata njia uliyoizoea. Ukachora paji la uso, mashavu, pua pana. Dada Gertruda akauhamisha, akaukuza.

Watu wakasogea karibu na kioo.

"Mikdad!" Abdulazizi akanong'ona. Kisha akapiga kelele: "Ni Mikdad! Tazameni pua hiyo!"

Adila alitazama. Kweli alikuwa Mikdad, na safari hii pua ilikuwa yake hasa. Aliinua kijikalamu aufute. Dada Gertruda alisema, "Jamani, ngojeni, huu ni mchoro tu," lakini Abdulazizi alishaupiga picha kwa simu, kundi limeshatoka mbio.

Mikdad alikuwa ameinama kwenye kifuo chake, nazi mkononi. Hakuulizwa. Kofi la kwanza lilimwangusha. Alipojaribu kuinuka, teke likampata mbavuni. "Pampu iko wapi?" wakamwuliza, na kabla hajajibu wakampiga mdomoni. Nazi zake zikageuka mawe. Mtu akang'oa kifuo chenyewe, ile ncha ya chuma anayofulia, akampiga nayo mkono wa kulia, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Mikdad alipiga ukelele mmoja. Wanawake wale wale waliolia kisimani sasa walikuwa wakisema, "Mwueni!"

"Leteni tairi!" Abdulazizi akaamuru. Tairi likaja likibingirika. Mwingine akaja na chupa ya petroli.

Adila alikimbilia katikati ya watu. "Siye! Uso nimeutunga!" alilia. Nani amsikie? Kiwiko kilimpiga shavuni, akaanguka chini, akakanyagwa vidole. Aliona damu ya Mikdad imechanganyika na mchanga. Ndipo akasikia, juu ya makelele yote, ile spika ya Dada Gertruda ikiendelea kutangaza picha za pasipoti kana kwamba hakuna kinachotokea.

Akainuka, akakimbia dukani, akanyakua kipaza sauti.

"Mimi ni Adila binti Mbaruku!" Sauti yake ikajaa barabara nzima. "Niliongopa! Mwizi sikumwona uso! Niliuchora wa Mikdad kwa sababu ndio uso ninaoujua! Mikdad hana kosa! Msimchome!"

Watu wakageuka. Dada Gertruda akaburuta meza mpaka mlangoni, akageuza kioo cha kompyuta kitazame barabara. Michoro miwili ilikuwa ubavu kwa ubavu: mmoja una uso, mmoja hauna.

"Huu ndio wa kwanza," alisema. "Wenyewe mliucheka. Mlitaka uso, mkapewa uso."

Abdulazizi alimjia Adila, akamzaba kofi. "Mtoto mwongo wee!"

"Mwache!" Bi Mwanamvua alikuwa amefika, anahema, mikono myeupe kwa nazi. "Yeye amesema uongo, na sasa amesema kweli mbele za watu. Wewe hiyo petroli ni ya nini?"

Mwenye chupa akaiweka chini taratibu. Wakati huo huo pikipiki ikasimama. Akashuka Mwinyimvua, fundi wa kamati ya maji, amevaa koti la mvua, na gunia begani.

"Kuna nini hapa? Nani kafiwa?" akauliza. "Pampu ilikuwa inaunguruma vibaya, nikaipeleka kutengenezwa asubuhi hii. Mlinzi wa kisima nilimpa habari. Hakuwaambia?"

Mlinzi alikuwa ameshaondoka kwenda mazikoni Vigwaza. Mmoja mmoja watu wakaanza kuondoka, hawatazamani. Waliobaki walimbeba Mikdad mpaka zahanati, na jioni polisi walikuja kuwachukua Abdulazizi na wenzake.

Kesho yake Adila na bibi yake walikwenda kumtazama Mikdad. Mkono wake ulikuwa ndani ya plasta, jicho moja limefumba, meno mawili hayapo. Adila alipiga magoti, akalia mpaka akashindwa kuomba msamaha.

"Siku zote ulinipa pua za watu," Mikdad alisema polepole. "Jana ndiyo umepatia, ikaniponza." Alitaka kucheka, mbavu zikamkataza. "Inuka. Bila spika ile ningekuwa majivu. Ila nazi zangu nani atanifulia?"

"Mimi," alisema Adila. Na kila akitoka shule alikwenda kwenye kifuo, mpaka mkono wa Mikdad ukapona.

Siku ile, njiani kurudi kutoka zahanati, Adila alisema, "Bibi, kile kitendawili. Ni mchoro wangu."

Bi Mwanamvua akasimama. "Jibu langu lilikuwa moshi. Lakini hilo nalo nalipokea." Akamshika mkono. "Sikia, mjukuu wangu. Ulichokiona, kichore. Usichokiona, kiache wazi, wala usione haya. Watu watakucheka, na kicheko kitapita. Uongo ulioujaza pale penye wazi ndio uliomvunja mtu mkono. Na sisi wakubwa tulikuwa na macho na masikio, tukashindwa hata kumwuliza mtu swali moja."

Mchoro wa kwanza Dada Gertruda aliuchapa, akaubandika ukutani juu ya kompyuta. Mpaka leo wateja wakiingia huuliza, "Mbona huyu hana uso?"

Na Adila, kama yupo, huwajibu: "Sikuuona."