Nani Aliyewabadilisha Watoto wa Rael

Jumanne moja ya Mei 1973, saa tatu asubuhi, Rael Ajwang, karani wa simu katika kampuni moja ya bima katikati ya Nairobi, aliambiwa kwamba amezaa watoto asiowajua.

Karatasi ilikuwa imetoka kwenye kompyuta ghorofa ya nne. Rael Ajwang, mjane. Ameomba nyumba ya kampuni Spring Valley tangu 1966. Watoto: Wangeci, Muchiri.

"Wangu ni Opiyo, Odongo na Akello," Rael alisema. "Mapacha, na msichana aliyewafuata. Mimi Mjaluo wa Gem, Wangeci, jina la Kikuyu, nitamtoa wapi?"

"Hiyo utaeleza polisi," alijibu Gerishon Wahome, mkuu wa wafanyakazi, bila kumtazama. "Mkurugenzi amekasirika. Anasema anayedanganya juu ya watoto ili apate nyumba, hata kazi hana."

Funguo za nyumba zilikuwa zitolewe saa sita mchana siku hiyo hiyo. Rael aliketi kwenye benchi la korido. Kule Kabiria alikopanga alikuwa amekwisha kumuaga mwenye nyumba, na chumba chake kilikuwa na mpangaji mwingine tayari.

Inspekta Gichuru wa polisi, aliyeitwa na mkurugenzi, alifika akihema. Alikuwa na masikio makubwa mno, na huko kituoni waliapa kwamba angeweza kumsikia mwizi akifikiri. Wahome alimpokea kwenye ngazi.

"Wewe ni wa wapi, bwana?" Gichuru aliuliza, ili apate kupumua.

"Waithaka. Ukifika uliza kwa Muchiri, hata mbuzi watakuonyesha. Baba alijulikana sana, Mungu amrehemu."

Chumba cha kompyuta kilikuwa na baridi ya kutunzia maiti, na mashine ilikijaza ukuta kwa ukuta. Watu watatu tu waliruhusiwa kuingia: Wahome, Zadock Odhiambo, mwandishi wa programu, na Hannah Waceke, mpiga kadi, aliyetoboa kadi za kulishia mashine.

Gichuru alianza na Zadock.

"Ni nani anamfuata huyu mama kwa foleni ya nyumba?"

"Ni mimi, afande, kwa orodha ya mwisho niliyoona."

"Akitolewa, unaingia?"

"Naingia. Lakini kama ni kumwibia, si ningefuta jina lake? Kwa nini nimpe watoto?"

"Hukumpa. Alikuwa na watatu, sasa ana wawili."

Zadock alijifuta paji la uso. Jasho lilimtoka katika baridi ile.

Hannah aliingia amekunja mikono.

"Mama, msichana wako wa kwanza anaitwa nani?"

"Wamucii, kama mama wa bwana yangu. Kwani ningemwita nani? Wewe si Mkikuyu, hujui watoto wa kwanza huitwa kama wazazi wa baba yao?"

"Na kijana?"

"Huyo bado. Nikimpata atakuwa Njoroge, kama baba mkwe. Hata hiyo ni makosa?"

Gichuru alicheka, kisha akaacha ghafla. Ilikuwa saa tano na nusu. Akamrudia Zadock.

"Watoto wa mtu wanakaa wapi ndani ya hii mashine?"

"Kila mtu ana rekodi yake, afande. Jina, tarehe ya kuomba nyumba. Lakini watoto hawamo. Mle kuna namba tu, ya kuonyesha orodha yao imewekwa wapi kwa diski."

"Mtu akinakili rekodi nzima?"

"Atanakili ile namba. Watoto hawanakiliwi. Rekodi ni mbili, lakini orodha ni..." Zadock alikamata kichwa. "Orodha ni moja! Ukibadilisha huku, na kule imebadilika!"

"Ita kila mtu."

Walipokusanyika, Rael akiwa mlangoni, Gichuru alisema, "Rudisha watoto wa mama huyu. Halafu unichapie karatasi ya Bwana Wahome."

"Yangu ya nini?" Wahome alifoka. "Mimi ndiye mkuu hapa!"

Mashine ilinguruma. Zadock alisoma: "Gerishon Wahome. Ameomba nyumba tangu 1966. Watoto: Opiyo, Odongo, Akello."

"Hongera kwa mapacha," Gichuru alisema. "Wangeci bila shaka ni mama yako. Muchiri ni baba yako, ulinitajia mwenyewe. Mkikuyu gani mwingine humu angewaita watoto wake hivyo? Ulinakili rekodi ya Rael ili uibe tarehe yake, ukafuta watoto wake ukaandika wako, ukidhani unafuta kwako peke yako."

Wahome alikaa juu ya sanduku la kadi.

"Ndugu zangu walinifukuza shambani baba alipokufa. Watoto wanalala jikoni kwa shemeji. Ningeomba mwaka huu, ningepata lini? Haki ya Mungu, sikutaka kumharibia Rael."

"Na asubuhi ulipoona nimeharibikiwa?" Rael aliuliza.

Wahome aliinuka kutoka kwenye sanduku. Gichuru alimshika mkono, wakashuka.

Zadock alimpa Rael karatasi mpya. "Sasa iko sawa, Mama Opiyo. Nenda nyumbani ufunge mizigo."

"Niende?" Rael alivuta kiti karibu na ile mashine, akakaa na mkoba mapajani. "Mimi sitoki hapa. Wewe ndiye utakwenda, uniletee ufunguo."