Uzi wa Kitufe

"Nyaya, lori linatoka saa nne kamili. Malori yapo saba yanayofanana. Nataka namba ya moja tu."

Mkuu wake akakata simu. Nokia ilionyesha saa tatu na dakika arobaini na mbili.

Nyaya alipanda ngazi za kampuni ya usafirishaji, amevaa ovaroli ya fundi, goti likimuuma. Miaka ishirini na mbili ya ujasusi, na bado wanamtuma ghorofa ya nne siku lifti imeharibika. Alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa. Lakini lori lile lilikuwa limebeba sindano bandia za watoto, na binti yake wa pekee alizikwa baada ya kuchomwa sindano za aina hiyo.

Kwa hiyo alipanda.

"Afadhali umekuja, fundi," alisema katibu muhtasi, akimwonyesha kompyuta ya mezani. "Jana ilikuwa nzima. Leo hata kukohoa haikohoi. Bosi anasema imekufa, itupwe."

"Orodha za mizigo zimo humu?"

"Zote."

Nyaya alipiga magoti, akaguna. Alianzia ukutani, kama kawaida yake. Alichomeka taa ya mezani kwenye soketi ileile, ikawaka. Akabadilisha waya wa umeme. Akapapasa swichi ya nyuma, imewashwa.

Akabonyeza kitufe.

Kimya.

Saa tatu na hamsini.

Akafungua ubavu wa mashine. Vumbi likamtia chafya. Ndani, kijitaa cha kijani kilikuwa kinawaka. Umeme unafika, basi. Akaufuata kwa kidole uzi mwembamba unaotoka kwenye kitufe.

Umekatwa katikati. Kwa mkasi.

Akauchomoa, akagusisha ncha ya bisibisi kwenye pini mbili zilizobaki wazi.

Feni ikanguruma.

"Fungua orodha ya leo, binti, tuone kama imesalimika."

Mstari mmoja tu wa orodha ulitaja sindano. Saa tatu na hamsini na nane Nyaya alikuwa simuni na mkuu wake. "Lori la tano. Chini ya magodoro."

"Weka hiyo simu chini!"

Bosi alisimama mlangoni, Beretta mkononi, jasho puani. "Uzi niliukata mwenyewe. Imewakaje?"

"Kitufe ni kengele ya mlangoni tu, bosi. Mwenye nyumba alikuwa ndani."

Filimbi za polisi zikalia uani. Bosi akageuza shingo dirishani. Nyaya akamshushia kifuniko cha kompyuta kwenye kifundo cha mkono. Bastola ikateleza chini ya kabati, na askari waliopanda mbio wakamtia bosi pingu.

Nokia ikaita. "Lori tumelizuia. Njoo, kuna kazi nyingine."

"Nipe dakika mbili."

Akaizima mashine, akaunga uzi, akaufunga kwa utepe, akaurudisha mahali pake.

"Bonyeza mwenyewe, binti."

Ikawaka. Katibu akamgeukia. "Kumbe wewe si fundi, baba?"

Nyaya alikusanya bisibisi zake taratibu.

"Binti yangu angekuwa rika lako," alisema, akashika chuma cha ngazi, akaanza kushuka.